Laptopu inachaji lakini monita haionyeshi kitu: kebo moja ya USB-C inataka nini

Swali

Fundi, habari za kazi. Nina laptopu ya Lenovo ThinkPad T480 niliyonunua ikiwa imetumika, na sasa nimepata monita ya Dell U2719DC, nayo ya mkono wa pili, bila kebo yoyote isipokuwa ya umeme. Muuzaji alisema kebo moja ya Type-C inatosha kwa picha, sauti na kuchaji. Nimechukua kebo ya chaja ya simu, Type-C huku na Type-C huku, nikachomeka. Laptopu inachaji vizuri, lakini monita inaandika kwamba haipati ishara. Je, monita ni mbovu? Au hii habari ya kebo moja ni maneno ya dukani tu? — Msomaji, Morogoro

Jibu

Ndugu yangu, muuzaji alikwambia kweli, na kwa dalili ulizotaja sioni sababu ya kuishuku monita. Kinachokuangusha ni hiyo kebo ya simu. T480 inatoa picha kupitia USB-C, na U2719DC inapokea picha kwa tundu hilohilo huku ikirudisha umeme wa hadi wati 65 kwenye laptopu. Vifaa viwili vinaelewana, ila kebo iliyo katikati haina nyaya za kupitishia picha. Usimpe mtu monita hiyo aifungue.

Ukitaka uhakika leo hii kabla ya kutumia hela, chomoa kebo ya HDMI kwenye king'amuzi chako, unganisha tundu la HDMI la laptopu na la monita, kisha ingia kwenye menyu ya monita uchague HDMI. Picha ikitoka, kioo cha monita ni kizima na laptopu inatoa picha. Hapo kinachobaki ni kutafuta kebo ya USB-C inayostahili. Ni kazi ndogo, lakini wengi huikosea, kwa sababu kebo hizi zinafanana kwa nje na zimetofautiana sana ndani.

Kwa nini inachaji na haionyeshi

USB-C ilitoka mwaka 2014, ikiwa na nafasi za pini 24 katika tundu moja dogo lisilo na juu wala chini. Pini hizo zimegawana kazi. Zipo za umeme. Ipo ya mazungumzo, ambayo kupitia kwake vifaa viwili vinapatana nani atoe umeme, nani apokee, na kwa kiasi gani. Ipo jozi ya data ya USB 2.0, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Halafu zipo jozi nne za nyaya za kasi. Picha ya monita hupita kwenye hizo jozi za kasi peke yake.

Kebo ya kuchajia simu hubeba umeme, waya wa mazungumzo na ile jozi ya USB 2.0. Jozi za kasi hazikuwekwa kabisa, ili kebo iwe nyembamba, ikunjike kirahisi na iuzwe bei rahisi. Kwa hiyo umeme wa monita umepata njia ya kwenda kwenye laptopu, lakini picha ya laptopu haina pa kupita. Hakuna mpangilio wowote wa Windows wala draiva itakayoongeza waya usiokuwepo.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo watu wanapopoteza hela: kuchaji si ushahidi kwamba kebo inafaa kwa picha. Wala bei si ushahidi. Kebo nzuri na ghali ya kuchajia inayokuja ndani ya boksi la MacBook haipitishi picha, kwa sababu ni ya umeme na USB 2.0 tu. Wala wati si ushahidi. Kebo iliyoandikwa 100W au 240W imekwambia habari ya umeme na kunyamazia mengine yote. Zipo kebo nyingi za wati 100 ambazo data yake ni ya megabiti 480.

Namna ya kuchagua kebo

Maneno ya kutafuta kwenye pakiti au kwenye ncha ya kebo ni ya kasi ya data: 5Gbps (yaani gigabiti 5 kwa sekunde), 10Gbps, 20Gbps au 40Gbps. Kebo ya USB-C kwa USB-C yenye mojawapo ya hizo ina nyaya za kasi, na kwa kawaida picha itapita. Maandishi kama 4K 60Hz (picha ya pikseli 3840 kwa 2160 inayobadilika mara 60 kwa sekunde) pia yanamaanisha kebo imetengenezwa kwa ajili ya picha. Ukiona alama ya radi na tarakimu 4 pembeni yake, hiyo ni kebo ya Thunderbolt 4, aina ya USB-C yenye kasi kubwa, nayo inafanya kazi zote, ingawa kwa monita yako si lazima uingie gharama hiyo.

Urefu chukua mita 1, au ukizidisha sana mita 2. Kebo za kasi hupoteza nguvu ya ishara kadiri zinavyorefuka, na kebo dhaifu ya mita 3 itakupa picha inayokatikatika, inayozimika sekunde mbili na kurudi, au monita isiyoamka ikishalala. Kwa dawati la kawaida, mita 1 inatosha ukipanga laptopu upande wa tundu la monita.

Kuhusu umeme, kebo ya USB-C isiyo na chipu ya utambulisho ndani yake hubeba ampea 3, na kwa volti 20 hiyo ni wati 60. Yenye chipu na iliyotengenezwa kwa ampea 5 hufika wati 100, na kwa mpango mpya wa mwaka 2021 hufika 240. Monita yako inatoa 65. Ukitumia kebo ya ampea 3 utapata 60, na T480 haitakuwa na neno, maana nyingine ziliuzwa na chaja ya wati 45. Kwa hiyo usikubali kubebeshwa kebo ya wati 240 eti ndiyo yenye picha.

Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, pakiti nyingine zimeandikwa chochote kile. Nenda na laptopu, omba uijaribu kwenye monita yoyote ya USB-C iliyopo dukani. Kama haipo, jaribu na diski ya nje ya SSD yenye tundu la USB-C. Nakili faili kubwa, la gigabaiti 2 au 3. Kasi ikiganda kwenye megabaiti 35 hadi 40 kwa sekunde, hiyo ni kebo ya USB 2.0, irudishe. Ikipanda mamia, nyaya za kasi zimo. Unaweza pia kumulika tochi ndani ya ncha. Kebo ya kuchajia mara nyingi ina mapengo kwenye mistari ya pini, na kebo kamili mistari yake imejaa. Dalili hii ya mwisho inasaidia kukataa kebo, lakini usiitegemee kukubali kebo, maana zipo zenye pini zote ambazo ndani hazikuunganishwa na kitu.

Achana na vincha vya sumaku, na pia vipande vya kurefushia kebo. Vingi havina pini za kutosha, na hata vile vyenye pini huharibu ishara.

Usinunue pia kebo ya USB-A kwa USB-C ukidhani tundu la zamani la USB litatoa picha. Halitoi. Na kebo ya USB-C kwa HDMI huenda upande mmoja tu: USB-C ikae kwenye laptopu, HDMI ikae kwenye monita. Anayeigeuza, HDMI kwenye laptopu na USB-C kwenye monita, hapati kitu.

Kuunganisha

Ukishapata kebo, fuata mpangilio huu. Washa monita kwanza kwa waya wake wa umeme. Nyuma yake, tafuta tundu la USB-C lililo kwenye mstari mmoja na HDMI na DisplayPort (tundu jingine la picha). Hilo ndilo la kupokea picha. Nalisema kwa faida ya wasomaji wengine pia, kwa sababu zipo monita ambazo pembeni zina tundu jingine la USB-C la kuchomekea flashi au kuchajia simu, na hilo halipokei picha hata ufanyeje.

Kwenye T480 kuna matundu mawili ya USB-C upande wa kushoto. Moja lina alama ya radi, ni la Thunderbolt 3. Yote mawili yanatoa picha na yote mawili yanapokea chaja, kwa hiyo tumia lolote. Kama moja limelegea kwa kuchomekwa miaka mingi, hamia jirani yake. Chomeka mpaka mwisho, kwa maana ncha ya USB-C iliyobaki nje milimita 1 inaweza kuchaji na isionyeshe.

Ingia kwenye menyu ya monita, sehemu ya chanzo cha picha, chagua USB-C. Monita iliyotoka ofisini kwa watu mara nyingi imeachwa ikilazimishwa kwenye DisplayPort au HDMI, na haitahama yenyewe. Ukiwa hapohapo irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, ili usirithi mambo ya mwenyewe wa kwanza.

Kwenye laptopu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Chagua Extend kama unataka skrini mbili zenye vitu tofauti, Duplicate kama unataka zifanane, au Second screen only kama unataka monita peke yake. Duplicate ina kasoro: mara nyingi hulazimisha skrini zote mbili kufuata idadi moja ya pikseli, na monita kubwa inaonekana na ukungu. Kwa kazi za kila siku chukua Extend.

Kisha fungua Settings, System, Display. Bofya mchoro wa monita na uhakikishe imesimama kwenye pikseli 2560 kwa 1440, na kwenye Advanced display iwe Hz 60. Ukubwa wa maandishi kwa inchi 27 acha asilimia 100, au 125 kama macho yanachoka. Kama sauti imepotea, haijapotea: imehamia monita, nayo U2719DC haina spika. Bofya alama ya spika chini kulia, rudisha kwenye spika za laptopu, au chomeka spika za mezani kwenye tundu la sauti la monita.

Kama ungependa kufunika laptopu na kubaki na monita, kibodi na mausi, nenda Control Panel, Power Options, kisha kwenye kipengele cha kufunga kifuniko chagua Do nothing kwa upande wa laptopu ikiwa kwenye umeme. Acha nafasi ya hewa. Ikifunikwa na kusukumiwa kwenye kona, inachemka.

Pikseli zina bei yake

Kwa bahati nzuri umeangukia jozi inayopatana. Monita ya 2560 kwa 1440 kwa Hz 60 inahitaji karibu gigabiti 6 kwa sekunde. T480 inatoa picha kwa kanuni ya DisplayPort 1.2, yaani gigabiti 4.32 za picha halisi kwa kila jozi moja ya kasi. Jozi mbili zinatosha kwa picha yako, na mbili zinazobaki zinabeba USB 3 kwenda kwenye matundu ya USB ya monita. Kwa hiyo kibodi, mausi na hata diski ya nje vyote unaweza kuvichomeka kwenye monita, na laptopu ikabaki na kebo moja kweli.

Aliye na laptopu hiyohiyo na monita ya 4K hana raha hiyo. 4K kwa Hz 60 inahitaji takriban gigabiti 12.5, na jozi mbili za DisplayPort 1.2 zinatoa 8.64 tu. Monita nyingi za 4K humpa uchaguzi kwenye menyu: ama zitumike jozi zote nne kwa picha, apate Hz 60 lakini USB ya monita ishuke hadi 2.0, ama zigawanywe, USB ibaki na kasi na picha ishuke hadi Hz 30, ambapo mausi inaonekana kukokota. Mimi ningechukua Hz 60 bila kusita. Kibodi na mausi havihitaji USB 3, na diski ya nje unaweza kuichomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Ukikutana na malalamiko ya "monita ya 4K inakokota", angalia hapo kwanza kabla ya kulaumu kadi ya picha.

Kwa wenye laptopu tofauti

Si kila tundu la USB-C kwenye laptopu linatoa picha. Angalia alama pembeni yake: radi ni Thunderbolt, inatoa picha, herufi D na P zilizounganishwa ni DisplayPort, inatoa picha, herufi SS peke yake ni data, na usiihesabie picha. Kama hakuna alama, tafuta orodha ya sifa ya modeli yako kamili, uangalie kama imeandikwa DisplayPort Alt Mode, yaani uwezo wa kutoa picha kupitia USB-C. Kuchaji ni jambo jingine tena: orodha iseme Power Delivery, yaani kuchaji kupitia USB-C. Zipo laptopu zinazotoa picha kwa USB-C lakini zinachaji kwa pini ya duara tu, na kwa hizo kebo moja haitatosha.

Laptopu isiyotoa picha kwa USB-C inaweza kusaidiwa na adapta ya DisplayLink, ambayo hubana picha kwa programu na kuipitisha kama data ya kawaida, hata kwenye USB-A. Inafaa kwa maandishi na hesabu. Inatumia nguvu ya prosesa, inadai draiva, na filamu zenye ulinzi wa hakimiliki zinaweza kukataa kuonekana.

Laptopu kubwa za gemu na za uhandisi zinazotumia chaja ya wati 130 na kuendelea zitaonyesha picha vizuri kwenye monita ya wati 65, lakini betri itakuwa ikishuka taratibu ukiifanyisha kazi nzito. Hapo acha chaja yake pia.

Umeme

Monita iliyotoka Ulaya au Marekani huja na waya wa plagi ya kwao, na watu huweka adapta ya pini mbili. Usifanye hivyo. Waya wa ardhi unakatika, na ukigusa bodi ya chuma unasikia mtekenyo. Monita yenyewe inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo badilisha waya tu: uleule wa kompyuta ya mezani, wenye plagi ya pini tatu na fyuzi, unaingia bila tatizo.

Kumbuka sasa monita ndiyo chaja yako. Kama uko kwenye UPS au sola, hesabu wati za laptopu na za monita pamoja: wakati betri iko chini, karibu wati 100 hadi 120. Betri ikijaa inashuka sana. Na ukiona laptopu haichaji usiku monita ikiwa imezimwa, menyu ya monita ina kipengele cha kuendelea kuchaji kupitia USB-C hata ikiwa imezimwa. Kiwashe.

Ikigoma hata kwa kebo sahihi

Geuza ncha ya kebo juu chini na ujaribu tena. Ikionyesha upande mmoja tu, baadhi ya pini zimechakaa au zina uchafu. Safisha tundu kwa kijiti kikavu cha mbao, laptopu ikiwa imezimwa, usitumie sindano. Halafu chomoa monita ukutani dakika moja nzima, kwa sababu kitufe chake cha kuzima hakizimi kila kitu ndani. Kwenye laptopu, Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huanzisha upya draiva ya picha.

Kama bado, ondoa chaja, zima laptopu, igeuze utafute kishimo kidogo chini yake, ubonyeze ndani kwa kipini cha karatasi kilichonyooshwa, usubiri dakika moja kabla ya kuiwasha. Hicho ni kitufe cha kukata umeme wote, pamoja na wa betri ya ndani, na huamsha chipu ya USB-C iliyoganda.

Kuna njia nzuri ya kujua mkosaji ni nani: azima simu ya Samsung ya Galaxy S8 au ya S mpya zaidi, au iPhone 15 na kuendelea. Simu hizo zinatoa picha kwa USB-C. Ichomeke kwenye monita kwa kebo yako mpya. Ikionyesha, monita na kebo ni vizima, tatizo liko kwenye laptopu.

Na kwa T480 kuna jambo ambalo kila aliyenunua iliyotumika inampasa kulifanya, hata kama kwa sasa haina tatizo. ThinkPad nyingi za mwaka 2017 hadi 2019 zilitoka na programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt yenye hitilafu, ambayo kadiri muda unavyokwenda inaweza kufanya USB-C iache kufanya kazi, kuchaji kusite, au picha isitoke. Lenovo walitoa sasisho na kulitaja kuwa la lazima. Ingia kwenye tovuti yao ya msaada, weka namba ya mashine iliyo chini ya laptopu, tafuta sasisho la programu ya Thunderbolt, na ulisakinishe ukiwa umechomeka chaja na betri ikiwa imejaa, bila kuzima katikati. Likifanywa mapema linazuia. Chipu ikishakufa, sasisho halikubali kuingia, na kinachofuata ni kazi ya ubao mama kwa fundi mwenye vifaa vya kuandika upya chipu, au kubadilisha ubao. Kama utakuta yako imefika huko na HDMI bado inatoa picha, baki na kebo ya HDMI. Inabeba 2560 kwa 1440 kwa Hz 60 bila kupunguza chochote kwenye ubora wa picha. Ila ijaribu kuchaji kwenye matundu yote mawili ya USB-C, kwa sababu T480 haina tundu jingine la chaja.